Masahihisho ya Mguu wa Marehemu Chande

Nakutegea wewe hapo uliyejinyoosha, na usimtazame mwenzako: ninayo nguo moja niliyopewa siku niliyozaliwa, sijaivua hata mara moja, kila mwaka inazidi kujikunja, na pasi haiiwezi. Ni kitu gani?

Si kanga. Kanga gani ya kuzaliwa nayo? Si shuka pia. Haya, umeshindwa, nipe mji. Mbona unanipa vijiji, mimi nataka mji wenye serikali yake. Huo, huo huo, nimeupokea. Basi nilikwenda mji huo, nikafika, wakanikalisha kitako, wakaniletea chai ya tangawizi, na kabla sijapiga funda la pili akaja mtu na rula akanipima pua. Ndipo nikajua umenipa mji wa namna gani.

Jibu lake ni ngozi, hiyo hiyo uliyoivaa. Na katika nchi uliyonipa, ngozi ilikuwa jambo la serikali.

*

Jina la nchi yenyewe silitaji, wenyewe wana masikio. Tangu zamani watu wake waliamini kwamba mtu akifa haendi huko mbele na makunyanzi yake. Siku ya Kuinuka kila mmoja atapewa mwili uliotimia: kipofu ataona, kiwete atatembea, bibi aliyepinda mgongo atanyooka kama mwanzi. Ilikuwa imani ya kufutia machozi. Mama aliyemzika mtoto mgonjwa alipata lepe la usingizi kwa ajili yake. Haikumsumbua mtu, haikuwa na foleni, wala haikuwa na ofisi.

Kutokuwa na ofisi ndiko kulikoikosesha serikali raha. Jambo kubwa kiasi hicho, la wananchi wote, tena la milele, liendeshwe bila mkurugenzi? Ikaundwa Wizara ya Miili Mitimilifu. Akateuliwa waziri, Mheshimiwa Profesa Shaali, mtu ambaye tumbo lake liliingia chumbani kwanza, likafuatwa na sauti, mwenyewe akamalizia. Siku ya uzinduzi alisema kwa saa tatu, na kiini cha maneno yake kilikuwa hiki:

"Ndugu wananchi, si uungwana kuiachia mbingu mzigo wote wa kutukamilisha. Serikali yenu sikivu imeamua kuisaidia. Kila raia atasahihishwa hapa hapa, kwenye makaratasi, ili akifika kule awe amekwisha kupitishwa."

Watu wakapiga makofi. Walikuwa wameshikwa na jua na walitaka kwenda nyumbani.

Lakini kusahihisha kunataka kipimo. Wataalamu thelathini wakafungiwa hotelini miezi sita kutafuta, bila upendeleo wowote, sura iliyotimia ya binadamu. Walipoipata walishangaa wenyewe: ilikuwa sura ya Mkuu wa Nchi alipokuwa na miaka thelathini na mitatu. Ikachongwa sanamu, ikaitwa Kielelezo, ikasimamishwa mbele ya wizara. Raia wote wangeinuka wakiwa na pua ile, kimo kile, meno thelathini na mawili yale. Wanawake nao vilevile, ila kwao sharubu zilikuwa hiari.

Walio hai wakajaza Fomu Namba Nane. Marehemu wakapangiwa Fomu Namba Tisa, ijazwe na mrithi. Na kwa kuwa nchi hiyo ilikuwa ya haki, marehemu hawakusahihishwa bila kuulizwa. Kila mmoja aliandikiwa barua, ikapelekwa kaburini kwake, ikawekewa jiwe isipeperuke. Asipoijibu kwa siku kumi na nne, amekubali. Nchi nzima hakupatikana marehemu hata mmoja aliyepinga. Wizara ikatangaza kuwa haijawahi kuonekana sera iliyopendwa kiasi hicho.

*

Mtaa wa Ukindu, katika mji mkuu, aliishi mjane mmoja, Bi Siwema. Mumewe, Chande, alikuwa tarishi wa posta. Utotoni Chande alishikwa na homa kali, na homa ilipoondoka iliondoka na vidole vinne vya urefu wa mguu wake wa kulia. Tangu hapo akitembea alitoa kishindo, kisha mburuzo. Kishindo, kisha mburuzo. Alizigawa barua hivyo kwa miaka ishirini na tisa. Watu waliisikia barua yao kabla ya kuiona.

Bi Siwema alipokuwa kigori alijiandikia barua mwenyewe mara tatu, ili tu mburuzo ule ufike mlangoni kwao. Alipojiandikia ya nne, Chande aliishika kidogo kabla ya kumpa.

"Huyu anayekuandikia," akasema, "mwandiko wake unafanana sana na sahihi yako."

Wakaoana mwezi wa saba. Kwa miaka thelathini na minane, Bi Siwema akisikia kishindo na mburuzo pale kwenye kona ya kinu cha nafaka, ndipo anasonga ugali, na Chande hakupata kula ugali uliopoa.

Sasa Chande alikuwa na mwaka wa nne mchangani, na macho ya Bi Siwema yalikuwa yameingia ukungu. Kufa kwenyewe hakukumtisha. Mpango wake alikuwa ameshaupanga: akifika huko atatafuta mahali karibu na lango, atakaa, atasikiliza. Kishindo, mburuzo. Basi.

Ndipo ilipokuja Fomu Namba Tisa, yenye jina la Chande juu, na chini yake neno moja: *Mguu.*

Utaniuliza, karatasi tu ilimtishia nini? Ilimtishia kwa sababu alijua nguvu za karatasi za nchi hiyo. Jirani yake, Mzee Jongo, aliandikwa kwa makosa kuwa amekufa, miaka kumi na mmoja iliyopita. Mpaka leo hapewi mbegu za ruzuku, hapigi kura, na mwaka juzi alipopelekwa hospitali na tumbo la kuendesha waliambiwa waliompeleka kwamba watu wa hali yake hawatibiwi. Mzee Jongo alikuwa akiliona jina lake kwenye orodha ya marehemu kila mwezi, na polepole alianza kukubaliana nayo, alipunguza kula. Kwa hiyo Bi Siwema hakuwa mjinga. Serikali ya pale ikikiandika kitu, kimekuwa.

*

Ofisi ya masahihisho ilikuwa ndani ya ghala la zamani la pamba. Ukutani zilitundikwa rula, nyuzi za kupimia za mafundi cherehani, na picha ya Kielelezo. Nyuma ya meza alikaa Afisa Ngwali, mtu mwembamba wa makamo, shati amelifunga vifungo mpaka kooni. Huyu alikuwa na jina nchini. Siku masahihisho yalipoanza ndiye aliyepiga muhuri wa kwanza, na aliupiga kwenye jalada la mama yake mzazi, mbele ya wapiga picha, kuonyesha mfano.

"Mwenye jalada ni nani kwako, bibi?"

"Mume wangu."

"Kasoro zake?"

"Hana."

Ngwali akafungua jalada. "Hapa pameandikwa mguu wa kulia mfupi, vidole vinne. Aliyempima ni daktari wa posta."

"Huo si kasoro, mwanangu. Huo ni mguu wake."

"Ulikuwa haumuumi?"

Bi Siwema hakuwa mwongo. "Ulimuuma. Masika hasa. Nilikuwa naukanda kwa mafuta ya ufuta."

"Sasa wataka aumwe milele?"

"Maumivu yaondoeni, nitawashukuru. Mwendo wake ndio nauomba."

Ngwali alikuwa mtu mwaminifu kwa kazi yake. Alishusha kalamu juu ya fomu, safu baada ya safu, mpaka chini, akaigeuza, akapitia na nyuma. "Safu ya mwendo haipo," akasema.

"Basi ichoreni."

"Fomu haichorwi, bibi. Inajazwa."

"Na mimi huko nitamjuaje?"

"Huko utapewa macho mapya."

"Macho mapya hayajawahi kumwona Chande," alisema Bi Siwema.

Watu wa foleni wakaanza kukohoa. Ngwali akasogeza kibweta cha wino, akateremsha sauti. "Weka dole gumba hapo, bibi yangu. Mkoa mzima wameshaweka, umebaki wewe. Ijumaa saa kumi alasiri daftari linafungwa kwa lakiri. Usipoweka, sheria inanipa mimi kupiga muhuri kwa niaba yako, mbele ya waziri. Mguu utanyooka tu. Kinachobaki ni kama utanyooka kwa heshima au kwa aibu."

Bi Siwema aliikunja mikono yake, akaificha ndani ya kanga kama mtu mwenye baridi. "Niulize kitu kimoja nikuondokee?"

"Uliza."

"Wewe ulimpigia muhuri mama yako. Nilisomewa gazetini. Sasa siku hiyo watu wote watakapokuwa na sura moja, kimo kimoja, wewe mama yako utamtambua kwa kitu gani?"

Kalamu ya Ngwali ilisimama. Aliifunga kifuniko, akaifungua, akaifunga tena.

"Swali hilo halimo kwenye fomu," akasema.

"Najua halimo. Ndiyo maana nakuuliza wewe."

Ngwali akamtazama mtu aliyekuwa nyuma ya Bi Siwema. "Anayefuata."

*

Mheshimiwa Profesa Shaali alikuwa na hamu moja duniani: asilimia mia. Kesho yake asubuhi bomba la Mtaa wa Ukindu likafungwa kwa mnyororo na kufuli, na juu yake kikatundikwa kibao: *Maji yatarudi mtaa utakapotimia.* Hakuna aliyehitaji kusomewa ni nani aliyeuzuia mtaa kutimia.

Siku ya kwanza majirani walimwamkia Bi Siwema. Siku ya pili walimwamkia kwa kichwa. Siku ya tatu walipita na ndoo zao kwenda mtoni, na kila aliyefika mlangoni pake aliigonga ndoo yake mara mbili, tupu, kisha akaendelea na safari. Yeye alikaa ndani akihesabu. Ndoo thelathini na moja asubuhi, thelathini na moja jioni.

Siku ya nne akaja Bi Hadia wa nyumba ya pili, shoga yake wa tangu utoto, akakaa kwenye kizingiti bila kukaribishwa.

"Shoga, mguu wenyewe hata haupo tena. Umeoza. Unatutesa sisi kwa mguu uliooza?"

"Kama umeoza, wizara wanautakia nini?"

Bi Hadia akaleta jambo jingine. Na hilo liliingia. "Chande mwenyewe si alisema siku hiyo atakimbia? Nilikuwapo. Arusini kwa binti yangu, wenzake walipokuwa wanacheza na yeye amekaa kwenye kiti. Alisema, mimi nikiinuka nitakimbia toka lango la kwanza mpaka la mwisho bila kuvuta pumzi. Watu wakacheka."

"Na yeye alicheka."

"Alicheka. Wewe unamjua. Kile kilikuwa kicheko?"

Bi Hadia akainuka, akajipangusa, na alipofika njiani hakuigonga ndoo, lakini kutoigonga kwake kulisikika zaidi.

Alasiri ile Bi Siwema alikwenda makaburini. Njia nzima alikuwa akibishana na nafsi yake. Ni kweli Chande alisema. Ni kweli kile hakikuwa kicheko. Je, mimi ninamlilia Chande, au ninajililia mwenyewe, niliyezoea kusikia anakuja? Mtu alivumilia miaka sitini na kitu mguu unaomburuta, sasa mkewe anataka aburutwe mpaka milele ili yeye asipotee njia?

Barua ya wizara ilikuwa bado pale, chini ya jiwe. Mchwa walikuwa wameshakula kona moja. Juu iliandikwa *Ndugu Marehemu*, basi, bila jina. Bi Siwema aliishika mkononi akaipapasa. Miaka ishirini na tisa Chande hakupata kuiacha barua chini ya jiwe. Mvua, mbwa, mtu amehama, alimtafuta mpaka ampe mkononi mwake.

"Ukitaka kukimbia, kimbia," alimwambia. "Sitakuzuia, nitakutafuta hivyo hivyo. Lakini waje wakuulize wewe. Huku si kuulizwa."

Akairudisha barua, akaliweka jiwe vile vile lilivyokuwa, kwa sababu ilikuwa barua ya mtu.

*

Alhamisi, siku moja kabla ya daftari kufungwa, wizara ilifanya Mazoezi ya Kuinuka. Wananchi wote wa mji mkuu waliamriwa kufika uwanja wa michezo. Mlangoni kila mtu alipewa kanzu nyeupe ya kipimo kimoja na kinyago cha kadibodi chenye sura ya Kielelezo. Wafupi walipewa matofali mawili ya kusimamia. Warefu waliombwa kukunja magoti kwa uzalendo. Kuzungumza kulikatazwa, maana sauti nazo zitakuwa moja, na kamati ya sauti ilikuwa haijamaliza vikao. Wiki nzima kabla ya hapo watu walifundishwa hatua ya Kielelezo, ndefu kiasi, sawa kulia na kushoto.

Kipenga kikalia. Amri ilikuwa: kila mtu amtafute wake, kwa utulivu, kwa dakika kumi na tano.

Tega sikio nikutegee jingine: watu elfu kumi na mbili, uso mmoja, na kila mtu yuko peke yake. Usihangaike kufikiri, jibu lake lilikuwa uwanja ule.

Dakika za kwanza watu walitembea kwa adabu, wakitazamana matundu ya macho. Kisha wakaanza kutembea haraka. Kisha mtoto mmoja akalia, na kilio cha mtoto hakikuwa kimefundishwa kufanana, na akina mama mia mbili wakageuka kwa pamoja wakakimbilia upande mmoja. Matofali yakaanguka. Mtu akavuta kinyago cha mtu, askari akakirudisha kwa kitako cha bunduki. Watu walishikana mikono, wakaachiana, wakashikana na wengine, na hakuna aliyeita jina kwa sababu majina yalikuwa yamekatazwa.

Bi Siwema alisimama alipowekwa, juu ya matofali yake. Kuona hakuona, ila weupe uliokuwa ukizungukazunguka. Alifumba macho akasikiliza, kama alivyopanga kusikiliza siku ile nyingine. Akasikia miguu. Miguu elfu ishirini na nne, sawa kulia, sawa kushoto, ikipita mbele yake na nyuma yake, na ndani yake hamna mburuzo hata mmoja. Kwa mara ya kwanza tangu Chande afe alijua woga ni nini, kwa sababu hivyo ndivyo itakavyokuwa, na haitakuwa dakika kumi na tano.

Mtu alisimama karibu naye, asiyetembea. Alikuwa na kitambaa chekundu cha wasimamizi begani, na kwa ukaribu ule hata Bi Siwema aliweza kusoma herufi kubwa: NGWALI. Kazi yake ilikuwa kuwahimiza watu watafute. Hakuwa anamhimiza mtu. Kinyago chake kiligeuka polepole huku, kikageuka kule, kama mtu aliyefika sokoni akasahau alichofuata.

Sasa yaliyotokea jukwaani nayasema kama nilivyosimuliwa, nanyi msiyapeleke mbali. Mkuu wa Nchi alikuja mwenyewe, amevaa kanzu na kinyago, kutoa mfano. Alipoanza kupanda ngazi, askari akamzuia.

"Rudi kwenye mstari."

"Mimi ndiye Mkuu wa Nchi."

"Na mimi ni shangazi yake. Rudi."

Mkuu akavua kinyago. Chini yake kulikuwa na uso wa mzee wa miaka sabini na minne, mashavu yameteremka, macho yana vifuko. Askari alikitazama kinyago, akautazama uso, akakitazama tena kinyago. Alikuwa kijana mwenye nidhamu, na alichunguza kwa haki.

"Hata hufanani naye," akasema, akampandisha juu ya matofali juani, pamoja na wazee wengine wanne waliodai cheo hicho hicho.

Alikaa pale saa mbili. Mwishowe mkewe alimpata, kwa kipele kilicho nyuma ya sikio, ambacho kwa mujibu wa sheria hakikuwapo.

Jioni wizara ikatangaza redioni kuwa mazoezi yamefana kwa asilimia mia. Yule askari alipandishwa cheo na kupelekwa kulinda mpaka ambao hauna barabara ya kurudi. Na watoto kumi na tisa waliobaki uwanjani bila mwenyewe, mama zao waliwatambua walipovuliwa vinyago: mmoja kwa kovu la uji wa moto, mwingine kwa jino bovu, mwingine kwa jicho la makengeza. Hilo redio haikulisema.

Bi Hadia ndiye aliyemshika mkono Bi Siwema kumrudisha nyumbani.

"Nilimshika mtu mkono nikidhani ni mume wangu," Bi Hadia akasema njiani. "Nikamnong'oneza mambo ya ndani, ya miaka ishirini. Kumbe ni bwana afya wa kata."

"Akasema nini?"

"Amri ilikuwa tusiseme. Alinipigapiga mgongoni. Shoga, sikumpata kabisa. Nilimpita mara ngapi, sijui. Yeye anasema nilimpita mara tatu."

Ijumaa asubuhi ndoo zilipita mlangoni zikiwa tupu kama kawaida, na hakuna iliyogongwa.

*

Saa tisa na nusu ghala la pamba lilikuwa limejaa mpaka milangoni. Mheshimiwa Profesa Shaali alikuwa amekaa juu ya kiti kilicholetwa na gari la pili. Mbele yake kulikuwa na daftari kubwa lenye majina ya nchi nzima, na pembeni mtu ameshika mshumaa na lakiri, tayari kulifunga. Saa ya ukutani ilikuwa imepanguswa kwa ajili ya shughuli hiyo.

"Ndugu wananchi," akaanza, "tumekaribia kilele. Nchi zilizoendelea zina viwanda. Sisi tuna milele. Watu wetu wote, walio hai na walio marehemu, wamenyooka. Wote, isipokuwa mguu mmoja." Akageuka. "Bibi, wewe una nini na mguu huu?"

"Nina miaka thelathini na minane," alisema Bi Siwema.

"Unajua kwamba unaizuia nchi?"

"Mimi nimesimama tu, Mheshimiwa. Kama nchi imejikwaa kwangu, iniwie radhi."

Watu walikohoa, na wengine hawakukohoa. Waziri akatazama saa: kumi kasoro dakika kumi na mbili. Naye alikuwa na sababu ya kuitazama. Kanuni ya arobaini, aliyoiandika mwenyewe, ilisema mrithi akikataa, afisa wa jalada atapiga muhuri kwa niaba yake. Kanuni ya arobaini na moja, aliyoiandika siku hiyo hiyo, njaa ikiwa imemshika, ilisema jalada lisilo na muhuri kufikia saa kumi kamili litabaki kama lilivyo, milele, na haliguswi na mtu. Na muhuri haukuazimwa. Aliyeutia sahihi kuupokea ndiye wa kuupiga, hata waziri asiushike, kwa kuzuia rushwa.

"Mara ya mwisho, bibi. Dole."

Bi Siwema hakutoa mkono. "Akiulizwa yeye akakubali, nami nimekubali. Mwingine hamjui vya kutosha."

"Ameandikiwa, hakujibu. Afisa Ngwali, endelea."

Ngwali alifungua jalada la Chande. Shati lake lilikuwa limefungwa mpaka kooni kama siku zote. Alikivuta kibweta cha wino, akakigonga kwa muhuri mara moja, akauinua karibu na mdomo, akauhemea, kama makarani wanavyofanya wino ukiwa mkavu. Kisha hakuushusha.

Ghala lilikuwa kimya hata ukasikia mshumaa ukila utambi. Bi Siwema hakuona muhuri uko wapi. Aliona kivuli chembamba chenye mkono juu, basi. Alisikiliza. Alingoja kusikia kile kishindo kimoja mezani ambacho baada yake hakutakuwa na mburuzo tena.

"Afisa," Waziri akasema. "Wangoja nini?"

Ngwali aliushika muhuri pale pale hewani.

"Afisa Ngwali. Una miaka kumi na sita kazini. Masahihisho uliyaanza na mama yako mwenyewe, nchi nzima ikaona. Utashindwa na mguu wa tarishi?"

Saa ilisema kumi kasoro dakika tatu. Mtu wa lakiri alikuwa ameshaanza kudondosha nta kwenye jalada la daftari, tone moja, tone la pili. Waziri akainuka, kiti kikalia nyuma yake, akasema maneno mengi, baadhi yake ya kitisho na baadhi ya kubembeleza, akataja gereza, akataja nyumba ya serikali yenye bustani. Ngwali alikuwa akimtazama Bi Siwema, na kwa uso wake ungesema yuko mbali, na ni mdogo kuliko umri wake.

Saa ikagonga kumi.

Muhuri ukashuka polepole, ukalazwa ubavu mezani, mbali na karatasi. Jalada la Chande likafungwa likiwa jeupe.

"Bibi," alisema Ngwali, na vidole vyake vikawa vinafungua kifungo cha kooni, "uliniuliza mama yangu nitamtambua kwa kitu gani."

"Nilikuuliza, mwanangu."

"Kwa rovu lake, lile lile nililolifuta kwa muhuri. Lilimtoka hapa, shingoni, upande wa kushoto, kubwa kama papai changa. Shuleni walinicheka, nikamwambia asije tena kunichukua. Lakini kabla sijajua kuona haya, bibi, nilikuwa nalala nimelilazia shavu. Lilikuwa na joto."